Karne tunazoziruka katika historia ya dini ya Kiyahudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na walimu wenzetu wa historia na dini, wa shule na wa madrasa, hapa Mtwara na Lindi. Tukifundisha chimbuko la dini ya Kiyahudi tunaanza na Ibrahimu, tunapita kwa Musa, Daudi na Suleimani, kisha tunarukia zama za Warumi. Karne tunazoziruka ndizo zilizoijenga dini hiyo.

Unganisheni karatasi mbili za manila, mchore mstari wa sentimita 140. Sentimita 1 ni miaka 10, kuanzia 1300 KK. Kwenye sentimita 9 andikeni jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, linaloitaja Israeli. Kwenye 58, mwaka 722 KK, Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, inaanguka mikononi mwa Waashuru. Unabaki ufalme wa Yuda, kusini. Kwenye 71 na nusu, mwaka 586 KK, Wababeli wanalichoma Hekalu la Yerusalemu. Kutoka hapo mpaka Warumi walipoliteketeza Hekalu la pili mwaka 70 BK ni karibu sentimita 66, na katika madaftari mengi hapo hapana kitu. Wanafunzi hukosea kwa kujumlisha 586 na 70 wakapata 656. Mwaka 0 haupo, kwa hiyo watoe 1.

Huko Babeli, bila hekalu wala mfalme, Wayahudi waliohamishwa na Wababeli walishikilia Sabato, tohara na maandiko. Mfalme Koreshi wa Uajemi aliuteka Babeli mwaka 539 KK, akawaruhusu Wayahudi warudi, na Hekalu la pili likakamilika Yerusalemu 515 KK. Kitabu cha Nehemia kinamweleza kuhani Ezra akiwasomea watu Torati hadharani tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Hata hivyo mambo hayakutulia mara moja. Katika kisiwa cha Elefantine, kwenye mto Nile karibu na Aswan, askari wa Kiyahudi walikuwa na hekalu lao. Lilibomolewa mwaka 410 KK, na miaka mitatu baadaye wakamwandikia liwali wa Yuda kuomba lijengwe upya. Waliruhusiwa sadaka za nafaka na ubani. Sadaka za wanyama za kuteketezwa hazikutajwa. Barua zao za mafunjo zipo hadi leo, na somo hili linazihitaji sana.

Tumieni wino wa rangi mbili: bluu kwa yanayojulikana kupitia vitabu vitakatifu, nyekundu kwa yaliyoonekana pia katika mabaki ya kale. Mfalme Yehoyakini wa Yuda apewe zote mbili, kwa sababu 2 Wafalme inaeleza alivyolishwa uhamishoni, na vibao vya udongo vya Babeli vinaorodhesha mafuta aliyogawiwa yeye na wanawe. Ibrahimu na Musa waandikwe kwa bluu, kushoto kabla mstari haujaanza, bila mwaka. Mwanafunzi akiuliza sababu, aelezwe wazi kuwa mabaki yanayowataja hayajapatikana, na kwamba rangi inaonyesha chanzo cha habari, haipimi imani ya mtu.

Walimu wa historia na dini,
Masasi, Mtwara