Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba ya chama chetu cha kujifunza kazi ya ngozi inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi. Naitoa kwa maandishi na nimeisambaza mapema, ili ambaye hatafika mkutanoni (na nawafahamu watakaokuwa na udhuru) asije akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida

Hizi mnazijua, sitawachosha. Kwa kawaida tulikutana Jumamosi ya pili ya mwezi, isipokuwa Aprili kwa ajili ya mvua na Desemba kwa ajili ya likizo. Yalifanyika mafunzo ya kukata mkanda, kutengeneza pochi ya kadi, kunoa visu na kupaka rangi. Tulitembelea Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, tukaona mapipa makubwa yanayozungusha ngozi ndani ya dawa, na baadhi yetu tukatoka nje haraka kwa sababu ya harufu. Mwanachama mmoja alituletea kutoka Kisumu kipande cha ngozi ya sangara iliyosindikwa. Wengi walidhani ni plastiki, mpaka walipojaribu kuichana kwa mikono wakashindwa. Tulishiriki misiba miwili na harusi moja. Wanachama wapya ni sita, waliojitoa ni wanne.

Katika mafunzo, lililopendwa kuliko yote ni somo la rangi nyeusi, ambalo nililitoa mimi mwenyewe baada ya mkufunzi tuliyemwalika kushindwa kufika. Kwa faida ya wasiokuwepo: unatia misumari yenye kutu au pamba ya chuma ndani ya siki, unaacha kwa siku kadhaa bila kukaza kifuniko ili hewa itoke, unachuja, kisha unapaka kwenye ngozi iliyosindikwa kwa magome, yaani iliyotiwa dawa ya magome ya miti isioze. Madini ya chuma yanakutana na dawa ya magome iliyomo ndani ya ngozi na hapo hapo inakuwa nyeusi, nyeusi isiyobanduka wala kuchafua shati. Gharama yake ni chupa moja ya siki. Kwa sababu hiyo hiyo nimekuwa nikikataza watu kuweka ngozi yenye unyevu juu ya vipande vya chuma. Yale madoa meusi kwenye kipande cha mazoezi cha mwezi wa sita si uchawi.

Suala la cherehani

Nakuja kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalolisubiri, maana limesemwa sana pembeni kuliko mezani.

Ni kweli kwamba mwezi Julai Kamati Tendaji iliuza cherehani ya chama ya kushonea ngozi. Ilinunuliwa mwaka 2021 kwa shilingi 1,450,000 ikauzwa kwa shilingi 900,000. Ni kweli pia kwamba katiba inasema mali inayozidi shilingi 500,000 iuzwe kwa idhini ya mkutano mkuu. Wanaoisoma ibara hiyo wanaishia katikati. Inaendelea kusema kwamba endapo mkutano utaitishwa mara mbili na akidi isitimie, Kamati itaamua kwa niaba ya wanachama. Mkutano uliitishwa Mei, wakaja watu kumi na mmoja. Ukaitishwa tena Juni, na hiyo mara ya pili chai na vitumbua vikiwa vimelipiwa na mwenyekiti, wakaja tisa. Akidi ni ishirini na moja. Waliokuja juu baada ya cherehani kuondoka, nimepitia daftari la mahudhurio, hakuna hata mmoja aliyesaini Mei wala Juni.

Imesemwa kwamba mnunuzi ni shemeji yangu. Si shemeji yangu. Ni fundi mikoba aliyeona tangazo tulilobandika, na dau lake lilikuwa la juu. Mwingine aliyefika alitoa 780,000 na kutaka kulipa kwa awamu. Mweka Hazina anazo karatasi zote mbili, aende akazione anayetaka.

Sasa kwa nini iuzwe. Mashine ile ilikuwa ikitumiwa na wanachama wanne, na kati ya hao wawili walikuwa wakishonea mabegi ya kuuza. Sina ugomvi na biashara ya mtu, lakini sindano zilizovunjika, mafuta na fundi wa kuirekebisha vililipwa na ada ya wote, ikiwa ni pamoja na mwalimu anayekuja hapa kutengeneza jalada la daftari lake ili apumzishe kichwa. Katiba inasema hiki ni chama cha kujifunza kazi ya ngozi kwa burudani na ujuzi. Haijasema kiwanda.

Sababu ya pili ni ya ufundi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Cherehani inashona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazokabana katikati ya ngozi. Uzi wa upande mmoja ukikatika, mishono ya jirani inalegea na safari ya kufumuka imeanza. Mshono wa mkono wa sindano mbili unatumia uzi mmoja mrefu wenye sindano kila ncha, na kila tundu linapitiwa mara mbili, kutoka mbele na kutoka nyuma. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Ndiyo maana watengeneza matandiko ya farasi walibaki nao hata baada ya mashine kuja. Mwanachama mmoja aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba “mwenyekiti anaturudisha enzi za babu zake.” Babu zangu walikuwa wavuvi. Mshono huu ndio unaofunza mkono, na asiyeujua akipewa mashine atashona vibaya kwa kasi zaidi.

Katika zile 900,000, shilingi 340,000 zilikwenda kwenye ngozi na usafiri, 385,000 kwenye vifaa vya mkono, 95,000 kwenye uzi, nta, gundi na rangi, na 80,000 ziko kwenye akaunti. Vifaa ni uma za kutobolea za meno mawili na meno sita, vyuma vya kutobolea vyenye mpini, visu, panchi za matundu ya mkanda, nyundo za mbao, na vibano sita vya kushikilia ngozi wakati wa kushona, ambavyo seremala alitutengenezea kwa mchoro wangu. Leo watu sita wanaweza kushona kwa wakati mmoja. Zamani alishona mmoja na watano wakamwangalia.

Ngozi nazo zimelalamikiwa. Nilizifuata mwenyewe Arusha kwa basi, nusu ngozi mbili, jumla futi za mraba 26, zilizosindikwa kwa magome ya miwati. Posho sikuchukua. Wapo wanaouliza kwa nini tununue ngozi wakati pale sokoni Mlango Mmoja mkoba wa mtumba unapatikana kwa bei ya soda mbili tatu na unakatwa vipande. Nimelijibu hili kwa mdomo mara nyingi, sasa nalijibu kwa kalamu.

Ngozi nyingi ya mikoba ile ni ya kromu, yaani imesindikwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome. Kiwandani inasindikwa kwa siku moja au mbili hivi. Ni laini, haisumbuliwi sana na maji, inafaa kwa koti na kwa sehemu ya juu ya kiatu. Lakini ukiilowanisha na kuigonga alama, alama inajirudi. Ukisugua kingo zake hazigandamani wala kung'aa, inabidi uzipake rangi. Ngozi ya magome inachukua wiki nyingi, hata miezi kwa njia ya zamani, na ni ngumu mwanzoni. Lakini ikilowana inafinyangika, inashika umbo la kisu au la simu, inashika nakshi, na kingo zake ukizikata pembe, ukazilowanisha kidogo na kuzisugua kwa kipande cha mti mgumu na nta ya nyuki, zinang'aa kama kioo. Miwati yenyewe ni mti wa asili ya Australia, lakini umepandwa Njombe tangu enzi za mkoloni na magome yake yanakamuliwa dawa hiyo hiyo. Sioni aibu gani iko katika kuitumia.

Anayetaka kuzitofautisha adondoshee tone la maji. Ngozi ya magome ambayo haijapakwa kitu inalinywa na rangi yake inakolea pale pale. Njia ya kuchoma kipande kidogo na kutazama majivu, ambayo kwa kromu huwa na ukijani, mnaijua, lakini nakataza kuifanya ndani ya chumba. Na yule anayewashia jiko la chai mabaki ya kromu aache kabisa. Moto unaweza kuigeuza kromu ile kuwa ya aina yenye sumu, na moshi wake tunauvuta sote.

Imesemwa pia kwamba ngozi nilizoleta zina makovu. Zina makovu. Ng'ombe wetu wanapita kwenye miiba, wanaumwa na kupe, na wenye mifugo wanawapiga chapa ya moto. Ngozi isiyo na kovu ipo, inatoka nje ya nchi, na bei yake ingemaliza fedha yote kabla hatujanunua hata uzi. Nimefundisha namna ya kupanga vipande ili kovu liangukie ndani, na namna ya kukata mkanda kwenye mgongo badala ya tumboni kunakovutika. Walionisikiliza wana mikanda mizuri. Wawili walikata tumboni wakaniletea malalamiko.

Kwa wanaoanza, na hili ndilo swali linaloulizwa kila mwezi: uzi wa mshono wa mkono uwe mara nne ya urefu wa mshono, na kwa ngozi nene ongeza. Anza kila tundu kwa sindano ya upande ule ule na mkono ule ule, la sivyo mshono utayumba. Usifunge fundo. Rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata, basi. Kisu kipite mara tatu kwa wepesi, si mara moja kwa nguvu, na kabla hujakilaumu hakikisha umekinoa. Ngozi ya mkanda iwe milimita 3 hadi 4, ya pochi chini ya milimita 1.5. Nimechoka kuona pochi zisizofunga.

Mahudhurio na ada

Daftari lina wanachama 41. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka ulipaswa kutupa 2,460,000. Zimepatikana 985,000. Waliolipa yote ni tisa, waliolipa kidogo kidogo ni kumi na watatu, na kumi na tisa hawakulipa hata senti. Pango la chumba peke yake ni 480,000 kwa mwaka. Chai, usafi, nauli za wakufunzi na umeme vimekula karibu chote kilichobaki, na Mweka Hazina atasoma mchanganuo wake. Miezi miwili pango lilitangulizwa kutoka mfukoni mwa mtu ambaye sitamtaja, ila hajarudishiwa.

Mahudhurio ya wastani ni watu kumi na wawili. Siku ya ngozi mpya walikuja thelathini na tatu. Sikujua kwamba chama kina watu wengi kiasi kile. Walikata vipande, wakaaga, na wengine sijawaona tena mpaka naandika taarifa hii. Kamati imeazimia kwamba kuanzia sasa atakayekata ngozi ya chama ni aliyelipa ada ya angalau miezi sita. Najua azimio hili nalo litasemwa. Lisemwe mkutanoni.

Wapo pia wanaotaka mabadiliko ya ratiba. Waliomba Jumapili, tukajaribu Jumapili, wakasema kuna kanisa. Waliomba jioni za kazi, tukajaribu, wakasema daladala za Buhongwa zinajaa. Tumerudi Jumamosi.

Mwaka ujao

Tunatarajia, Mungu akipenda, kupata meza kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo, hata kama ni kona ya meza ya watu wengine. Tunafikiria kuwa na siku ya watoto. Kuna mazungumzo ya kupata chumba kikubwa zaidi, yakikamilika mtajulishwa. Ngozi ya sangara tungependa kuijaribu wenyewe, maana vichwa na ngozi za samaki hapa ziwani si vitu vya kutafuta kwa tochi. Na kama fedha zitaruhusu, cherehani nyingine si jambo lililofungwa, mradi itanguliwe na kanuni za matumizi na mkutano wenye akidi.

Kuhusu uchaguzi, baadhi ya wanachama wameniomba niendelee. Nimewaambia nitafikiri. Wanaodhani kazi hii ni rahisi wachukue fomu kwa Katibu, mpaka leo hakuna aliyechukua.

Mwisho, uma mmoja wa meno mawili na nyundo moja ya mbao havijarudi tangu Oktoba. Aliye navyo avikabidhi kwa Mtunza Vifaa kabla ya Jumamosi ya mkutano, na risiti za ada zije pamoja navyo.

Mwenyekiti,
Mwanza