Beji ya mchango si medali

Ndugu Mhariri,

Siku hizi beji za bati za Australia za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, zinauzwa mtandaoni kwa jina la "medali za askari". Wanunuzi wanapunjwa. Askari hakuvishwa beji hizo. Raia alizinunua barabarani kwa peni chache au shilingi, kuwachangia askari, akabandika kifuani. Zilikuwa kama risiti: ukishaivaa, mwenye kopo la mchango hakusumbui tena.

Tuchukue mji wa Adelaide, Australia. Bi. Alexandrine Seager alianzisha Cheer-Up Society, chama cha kuwaliwaza askari, mwaka 1914, na tarehe 2 Julai 1915 ikafanyika Violet Day (Siku ya Urujuani) ya kwanza, maua ya urujuani yakiuzwa mitaani. Michango ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha wanawake wa kujitolea kuwapakulia askari chakula karibu na stesheni ya reli. Australian Comforts Fund, mfuko wa misaada kwa askari ulioundwa 1916, ulipeleka vitani soksi zaidi ya jozi milioni 1.3. Mfumaji wa soksi anayejua kazi aliunga ncha ya vidole bila mshono, maana mshono ndani ya buti lililolowa huchubua, na kidonda kwenye handaki la tope hakiponi.

Anayetaka kununua aigeuze beji kwanza. Ya kale ina bati lililobinuka kama kofia, juu yake karatasi iliyochapwa, kisha utando wa seluloidi, yaani plastiki ya zamani inayopitisha mwanga. Nyuma kuna pete ya chuma inayobana kingo zote, na waya wa pini umekaa ndani ya pete hiyo. Yenye mgongo wa plastiki ni ya juzi tu.

Mkishaipata, msiioshe! Maji hupenya kingoni, karatasi inayanywa, bati linashika kutu kwa ndani. Doa la hudhurungi likijitokeza usoni halifutiki, kwa kuwa liko chini ya seluloidi. Kitambaa kikavu kinatosha. Wala msiifungie kwenye mfuko wa plastiki: seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa asidi, nao usipopata pa kutokea huila beji yenyewe na pini yake. Karatasi isiyo na asidi na boksi linalopitisha hewa vinafaa zaidi, mbali na moto, kwani seluloidi huwaka upesi mno. Kwa unyevu wa pwani, ongezeni vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na kikaratasi cha mtengenezaji kikiwa bado kimo ndani ya pete, msikibandue hata kama kimechakaa. Nyingi zimeshakipoteza.

Wakusanyaji wa beji,
Mombasa