Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Namna Tunavyomfundisha Mhandisi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, wahandisi na mafundi wa Unguja na Pemba, na vijana wetu mnaosoma,

Assalaamu alaykum.

Hesabu za Jumuiya zimekaguliwa na Mshika Fedha atakusomeeni baada yangu. Nawashukuru wote mliolipa ada, na kwa namna ya pekee wenzetu wa Pemba waliopanda boti kuja kwenye kila kikao cha kamati bila kudai nauli. Mengine ya utawala yamo katika kabrasha la Katibu. Muda wangu wote nautumia kwa jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu, nalo ni ufundishaji wa uhandisi katika vyuo vyetu.

Mnayajua malalamiko ya waajiri. Kijana anakuja na matokeo mazuri, mlinganyo wa pampu anauandika bila kukosea, lakini pampu yenyewe hajawahi kuifungua. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa miaka 3 wa kumlea mhitimu kazini kabla ya kusajiliwa, na ni mpango mzuri. Lakini si haki kumwachia mwajiri kazi ambayo ingeweza kuanza mwaka wa kwanza wa masomo.

Baadhi ya walimu wanachama wetu wamebadilisha mwendo. Nilialikwa kukaa nyuma ya darasa moja la umeme, na nataka niwasimulie nilichokiona, kwa sababu kinaeleza kuliko maazimio yetu yote ya warsha.

Mwalimu aliingia, hakugusa chaki. Aliwakumbusha wanafunzi kuwa waya wa baharini uliovutwa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 1980, na ule wa megawati 100 uliofuata mwaka 2013, yote ni ya kilovolti 132. Kisha akauliza: lau megawati 100 hizo tungezileta kwa kilovolti 33, na ukinzani wa waya ukawa ule ule, umeme unaopotea njiani ungeongezeka mara ngapi? Mara 4, mara 8, au mara 16? Kila mmoja anyooshe vidole, kimoja, viwili au vitatu, bila kusema neno. Wengi walinyoosha kimoja: mara 4. Mwalimu hakuwasahihisha. Aliwaambia wageukiane, kila mtu amshawishi jirani yake.

Darasa lilichangamka, na lilichangamka kwa Kiswahili. Karibu yangu binti mmoja alikuwa akimwambia mwenzake: “Volti ikishuka mara 4, mkondo ndio unaopanda mara 4. Lakini upotevu unakwenda na mkondo kwa kipeo cha pili. Basi 4 mara 4.” Mwenzake alibisha, akachukua kalamu, akakokotoa mwenyewe, akanyamaza. Walipoulizwa tena, vidole vitatu vilijaa darasa zima. Hapo ndipo mwalimu alipokwenda ubaoni kuandika kanuni, na kila jicho lilikuwa ubaoni.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye. Kijana mmoja wa Wete akauliza: ikiwa ni hivyo, mbona waya wetu wa Pemba kutoka Tanga, wa mwaka 2010, ni wa kilovolti 33? Swali hilo halikuwemo katika maandalizi ya mwalimu. Alilichukua, akaliacha lile alilopanga, na kipindi kilichobaki kikaenda kwenye ukubwa wa mahitaji ya Pemba, bei ya transfoma, na gharama ya kuhami waya chini ya bahari. Huo ndio uhandisi: kuchagua baina ya mambo mawili yenye faida na hasara zake, ukiwa na fedha zenye kikomo. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wadogo Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Sisi tuliobeba madumu ya maji miezi ile mitatu tunajua kwa nini hesabu ya waya mmoja inastahili kueleweka mpaka mwisho wake.

Njia hii imejaribiwa kwingine. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliianza mwaka 1991 baada ya kugundua kuwa wanafunzi wake hodari wa kukokotoa walishindwa maswali mepesi ya kuelewa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliunganisha matokeo ya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Walikuta wanaofeli katika madarasa ya kusikiliza tu ni karibu asilimia 34, na katika madarasa ambayo mwanafunzi anashiriki ni karibu asilimia 22. Kwa nchi ambayo mzazi anauza karafuu za msimu mzima kumlipia mtoto ada, tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

La pili ni miradi. Hapa nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Wenzetu wa Denmark, katika Chuo Kikuu cha Aalborg kilichoanzishwa mwaka 1974, waliamua tangu siku ya kwanza kwamba karibu nusu ya muda wa mwanafunzi uende kwenye mradi wa kikundi unaoanzia kwenye tatizo la kweli. Hatuna uwezo wa kufanya hivyo kwa ukamilifu. Ila kikundi kimoja cha mwaka wa tatu kilikubali kujaribu, na kwa idhini ya sheha kikapelekwa kwa kina mama wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989. Tatizo lilikuwa kukausha. Mwani ukianikwa chini unaingia mchanga, mvua ikinyesha chumvi inaoshwa, na mnunuzi anashusha bei.

Vijana walikwenda na mchoro tayari: sanduku la kukaushia lenye kioo juu, feni ndogo na paneli ya jua. Hesabu ya joto ilikuwa sahihi. Kina mama waliwasikiliza kwa adabu, kisha bibi mmoja akawauliza: “Wanangu, hili sanduku linaingia mwani kiasi gani?” Walipomwonesha, akawaonesha na yeye: magunia na magunia ya mwani mbichi, mavuno ya bamvua moja, yamerundikwa pale pale mchangani. Sanduku lile lingekausha sehemu ndogo tu kabla ya maji kujaa na kutoka tena. Mwengine akaugusa mchoro wa fremu ya chuma akasema chuma hapo hakimalizi mwaka.

Vijana walirudi chuoni kimya. Mwalimu hakuwapa jibu. Walichoishia kujenga ni vichanja vya miti vilivyoinuka kiasi cha kiuno ili mtu asiiname, vimetandikwa wavu, na nailoni ya kufunika inayokunjuliwa na mtu mmoja wingu likitanda. Hakuna feni, hakuna paneli. Walipima unyevu wa mwani asubuhi na jioni, wakachora grafu zao, wakapima pia nguvu ya upepo inayoweza kuing'oa nailoni. Nimeviona vichanja hivyo. Vinatumika.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye alama. Fomu ya chuo ya kusahihisha miradi ina nafasi ya mchoro, ya hesabu, ya ripoti na ya “ugumu wa kitaalamu”. Haina nafasi ya kumsikiliza mtumiaji, wala ya kuuacha mchoro mzuri kwa sababu haufai. Kikundi kile kilipata alama za chini kuliko kikundi kilichotengeneza kifaa chenye taa nyingi ambacho hakijatoka mezani. Mwalimu wao alilalamika, akaambiwa kanuni ni kanuni. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote ya mwaka huu. Mwanafunzi husoma kile kinachopewa alama. Tukibadilisha darasa tukauacha mtihani ulivyo, vijana wataturudisha wenyewe kwenye kukariri, na hawatakuwa na lawama.

Kuna pingamizi za haki. Madarasa yamejaa na mwalimu mmoja hawezi kusimamia vikundi vingi; hapa naomba wahandisi walio makazini wajitolee, hata kwa jioni moja kwa mwezi. Katika vikundi wapo wanaotegea. Dawa yake ni kila mwanafunzi kuitwa peke yake na kuulizwa sehemu yoyote ya mchoro, hata aliyochora mwenzake. Video fupi za nadharia ambazo walimu wetu hutuma kwa simu zinasaidia, mradi ziwe nyepesi kwa bando la mwanafunzi. Vifaa vya maabara bado ni haba, na hilo Katibu amelieleza.

Mwaka 2023 IIT Madras, kimoja cha vyuo vikuu vya teknolojia vya India vinavyoitwa IIT, ilifungua hapa Zanzibar kampasi ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India. Ni heri kwetu. Wanafunzi wetu watalinganishwa na wale, na sioni sababu ya kuogopa.

Naleta mbele ya Mkutano maombi mawili. La kwanza, Jumuiya iandike rasmi kwa vyuo vyote vinavyofundisha uhandisi visiwani ikipendekeza fomu mpya ya kusahihisha miradi, ambayo mtumiaji wa kifaa naye anapewa nafasi ya kutoa alama. Rasimu iko mikononi mwenu. La pili, tuwe na daftari la matatizo: wanachama wenye karakana, walio katika maji, umeme, bandari na ujenzi, kila mmoja aandike tatizo moja la kazini kwake ambalo wanafunzi wanaweza kulishughulikia kwa muhula mmoja. Daftari liko kwa Katibu pale mlangoni. Wa Pemba wataliandika katika kikao cha Chake Chake, na mimi nitakuwepo.