Barua kwa Baba Mdogo kuhusu jengo la kulelea wazee

Sydney, Australia

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi na watoto tu wazima, tunamshukuru Mungu, na ni matumaini yangu kwamba wewe, Mama Mdogo na jamaa wote hapo Tanga hamjambo. Barua yako nimeipata pamoja na picha za lile jengo lililokuwa bweni, ambalo kamati yenu inakusudia kuligeuza liwe makazi ya wazee wasio na watu wa kuwatunza. Umeniuliza serikali ya huku hutazama nini kabla ya kuruhusu wazee wakae katika nyumba. Kwa kuwa kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuwahudumia wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku, nitakujibu kwa kirefu, hasa baada ya kuona madirisha yale yenye nondo na mlango ule mmoja wa mbele.

Sheria ya huduma za wazee ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta huku utaratibu wa kuyapa makazi ya wazee cheti cha jengo. Tangu mwaka 1999 wakaguzi walipima kwa alama 100, na jengo lilitakiwa kupata angalau 60. Hata hivyo usalama wa moto ulitengewa alama 25 za peke yake, na jengo lililopata chini ya 19 katika fungu hilo lilihesabiwa limeshindwa, hata kama vyumba, jiko na bustani yake vilikuwa vya kupendeza. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu uzuri wa upande mmoja haukuweza kufunika hatari ya upande mwingine. Tena cheti kilifungamanishwa na fedha: mwenye makazi asiyekuwa nacho hakuruhusiwa kuwatoza wazee amana ya malazi, na hapo hata wale wagumu wa kutengeneza majengo yao walianza kuyatengeneza.

Nafasi na faragha navyo viliwekewa kiwango. Majengo ya zamani yalipewa hadi mwaka 2008 kuhakikisha kwamba chumba hakilali zaidi ya watu 4, choo kimoja hakitumiwi na zaidi ya watu 6, na bafu moja na zaidi ya watu 7. Majengo mapya yalibanwa zaidi, kwani chumba hakikuruhusiwa kulala zaidi ya watu 2, choo kilikuwa cha watu 3 na bafu la watu 4. Cheti hicho kilifutwa mwaka 2014, na sasa majengo husimamiwa na kanuni za ujenzi za taifa, sheria za kila jimbo, na viwango vya ubora wa huduma. Viwango hivyo vimeandikwa upya katika sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025.

Nimekueleza habari ya cheti ili kamati ijue kwamba karatasi peke yake haitoshi. Tarehe 18 Novemba 2011, alfajiri kabla ya jua kuchomoza, moto uliwashwa kwa makusudi katika makazi ya wazee ya Quakers Hill, magharibi mwa jiji hili la Sydney. Aliyeuwasha alikuwa muuguzi wa zamu, na baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha. Wazee 11 walipoteza maisha, wengine siku ile ile na wengine hospitalini baadaye kwa moshi na majeraha. Jengo lile halikuwa na vinyunyizio vya maji darini, wala halikuwa limevunja sheria kwa kutokuwa navyo, kwa sababu lilijengwa kabla ya kanuni kuvidai, na kanuni mpya haikuyarudia majengo ya zamani. Ilikuwa baada ya msiba huo ndipo jimbo la New South Wales lilipotoa amri, iliyoanza kutumika mwaka 2013, kwamba makazi yote ya wazee, ya zamani kwa mapya, yafungwe vinyunyizio. Hivi ni vijibomba vidogo darini ambavyo hufunguka vyenyewe joto la moto linapovifikia, na hufunguka pale penye moto tu, si nyumba nzima. Naona uchungu kila ninapofikiri kwamba jambo lililojulikana faida yake miaka mingi lilisubiri vifo hivyo ndipo liamriwe.

Baba Mdogo, naomba kamati ilifikirie jengo lenu kama litakavyokuwa saa nane za usiku. Mchana kuna wapishi, wageni, wafagiaji na vijana wa kusaidia. Usiku wanabaki wahudumu wawili au watatu na watu wengi waliolala. Miongoni mwao yuko asiyesikia, yuko asiyeweza kugeuka kitandani bila kushikwa, yuko aliyepotewa na kumbukumbu ambaye ukimwambia atoke atakataa, au atatoka kisha arudi kutafuta viatu vyake. Kijana wa bweni akisikia kelele za moto huruka na kukimbia. Mzee wa miaka themanini hawezi, na kumtoa mmoja tu asiyetembea hadi uani kunaweza kuchukua dakika ambazo moshi hautazitoa.

Kwa sababu hiyo huku hatufundishwi kuanza kwa kuwatoa watu wote nje. Jengo hugawanywa kwa kuta na milango inayozuia moshi, na kanuni za ujenzi haziruhusu sehemu moja kuzidi meta za mraba 500. King'ora kinapolia, milango hiyo hujifunga yenyewe, nasi huwahamisha wazee wa sehemu yenye moto hadi sehemu ya pili kwenye sakafu ile ile, wakisukumwa juu ya vitanda vyao ikibidi, na kutoka nje huja baadaye pakihitajika. Korido basi isipungue meta 1.5, na mbele ya mlango wa chumba ifike meta 1.8, kitanda kipate kukata kona. Milango ya wale waliopotewa na kumbukumbu hufungwa kwa sumaku ya umeme ambayo huachia mara king'ora kinapolia, kwa hiyo hapahitajiki mtu wa kutafuta ufunguo gizani.

Kwenu, nondo zile za madirishani ndizo zinazonitisha kuliko yote. Najua ziliwekwa kwa ajili ya wezi, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini unakumbuka bweni la Kyanguli kule Machakos mwaka 2001, ambako wanafunzi 67 walikufa motoni, madirisha yakiwa na nondo na mlango mmoja ukiwa umefungwa. Angalau dirisha moja katika kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, na ifunguliwe milango miwili ya nyuma, mipana na isiyo na ngazi. Kufuli la usiku lisiwepo kabisa. Bora mlinzi getini. Wazee wote walale vyumba vya chini, ghorofani pawe ofisi na stoo. Kwa kuwa umeme hukatika, taa za dharura na vitambua moshi viwe na betri, na mshumaa usiingie chumba chenye chandarua. Mitungi ya gesi ikae nje ya jiko. Maji ya moto ya kuogea nayo huku hayaruhusiwi kuzidi nyuzi 45 katika makazi ya wazee, kwa sababu ngozi ya mzee huungua haraka na wengine hawawezi kusema kwamba wanaungua.

Vinyunyizio vina gharama, na vinahitaji tangi na presha ya maji ya uhakika. Kama fedha hazitoshi sasa, mabomba yake yapangiwe njia kwenye ramani kabla dari halijapigwa. Ninakuomba pia mwaalike Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waikague ramani kabla fundi hajaanza, maana kubomoa ukuta uliokwisha pakwa rangi ni shida kuliko kuufuta kwenye karatasi.

Tafadhali nitumie upana wa korido, upana wa kila mlango na idadi ya wazee mnaotarajia. Mchango wa ndugu wa huku uko tayari, nasi tumekubaliana uanzie kwenye milango ile miwili ya nyuma na nondo za kufunguka; rangi na makochi vitafuata. Nisalimie Mama Mdogo, Shangazi na wajumbe wote wa kamati.

Ni mimi binti yako,
ninayekupenda na kukuheshimu.