Ethi nyingi za Mwanza zimeishia kwenye jiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye nyumba wa Mwanza, na mafundi wenzangu, kuhusu kipande kimoja tu cha wayaringi: ethi, yaani waya na nondo iliyofukiwa vinavyoupeleka ardhini umeme uliovuja. Swichi na soketi kila mtu anaziona, zikikaa upande atalalamika. Ethi imefukiwa. Taa zinawaka bila ethi, friji inagandisha bila ethi, na LUKU, mita ya kulipia kabla, inakula yuniti zake vilevile. Kwa hiyo ikipunjwa hakuna anayejua, mpaka siku waya wa moto utakapogusa bodi la pasi au la mashine ya kufulia.

Sehemu nyingine za nchi ethi mbaya ni uzembe wa fundi. Kwetu jiografia nayo inachangia. Nyumba za Bugarika, Mabatini, Igogo na Isamilo zimepanda vilima vya itale, zimebanana na majabali, na udongo uliopo ni mwembamba tena wa kichanga. Nondo ya ethi ya madukani ina futi 4, yaani kama mita 1.2. Fundi anagonga, inazama sentimita 40, inakutana na mwamba. Kinachofuata tunakijua: msumeno. Kipande kilichobaki juu kinakatwa, waya wa kijani na njano unafungwa, sehemu inazibwa kwa zege, na mwenye nyumba analipa. Aliona nondo ikinunuliwa, aliona ikigongwa. Nyundo tu ndiyo iliyojua iliishia wapi.

Tuweke hesabu mezani. Ohm hupima jinsi njia inavyouzuia umeme: zikiwa chache, ethi ni nzuri. Kwenye udongo mzuri wenye unyevu, wenye ukinzani wa ohm-mita 100, nondo nzima ya mita 1.2 inatoa ohm 72 hivi. Ukiikata ibaki sentimita 40, inatoa zaidi ya ohm 170. Udongo huo ukiwa wa kichanga na umekauka, ukinzani wake unaweza kupanda mara kumi, na nondo nzima ikafika ohm 700.

Sasa tuseme waya wa moto umechubuka ndani ya friji na unagusa bati lake, na ethi ya nyumba ina ohm 170. Umeme utakaopita kwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 170, yaani ampea 1.35. Breka ya soketi ya ampea 20 au 32 haiwezi kushtuka kwa ampea 1.35, kwa sababu kwake huo ni mzigo mdogo kuliko pasi. Ili breka ya kawaida ya ampea 32 aina ya B ikate papo hapo inahitaji mpaka ampea 160, na kupata ampea 160 lazima njia nzima ya hitilafu iwe na ohm 1.4 tu. Hakuna nondo ya futi 4 Mwanza itakayokupa ohm 1.4, hata ikizama yote. Matokeo yake friji inabaki na karibu volti zote 230 mlangoni, inaendelea kugandisha samaki kama kawaida, na anayeigusa pekupeku kwenye sakafu ya saruji ndiye anayegundua.

Dalili huwa zinatangulia, ila tumezizoea. Friji “inatekenya” ukiigusa, watu wanaweka kandambili mbele yake na maisha yanaendelea. Dalili ya pili iko kwenye mita: ampea 1.35 zinazovuja mchana na usiku ni zaidi ya yuniti 7 kwa siku. Ukiona yuniti zinayeyuka na hujaongeza kifaa, usianze kuilaumu LUKU. Zima breka zote za ndani, angalia kama mita inaendelea kuhesabu, kisha washa moja moja uone inakoruka.

Kwa sababu hiyo nasema bila kuzunguka: nyumba ya Mwanza isiyo na RCD haijakamilika wayaringi, hata kama mabomba yamenyooka ukutani. RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haihitaji ampea 160 wala 20. Hata ethi ya ohm 170, ambayo kwa breka ya kawaida ni bure, inatosha kuifanya RCD ikate mara tu hitilafu inapotokea. Ukomo wa kutumainika ni ohm 200, kwa sababu zaidi ya hapo nondo haitulii: leo ohm 250, kiangazi kikikolea 900.

Dukani usiulize “meni swichi nzuri” ukaishia hapo. Geuza kifaa usome. RCD ya kulinda watu imeandikwa 30mA au 0.03A na ina kitufe chenye herufi T. Ile ya 300mA inasaidia dhidi ya moto, haimwokoi mtu. Kitufe cha T kibonyezwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na ikikataa kukata ibadilishwe siku hiyohiyo. Lakini hapa wengi wanajidanganya, mafundi tukiwemo: kitufe hicho kinapima utaratibu wa ndani wa RCD peke yake. Nyumba isiyo na ethi kabisa, ukibonyeza T, itakata vizuri tu. Katika nyumba hiyo RCD itasubiri mpaka mtu aguse chuma na mwili wake ndio uwe njia ya kwenda ardhini. Itakata, ndiyo, ila baada ya kumpiga. Ukiwa na ethi, inakata kabla hujafika.

Tufanyeje na mwamba? Acha kugonga chini, chimba kwa upande. Mtaro wa mita 10, kina cha sentimita 50 hadi 60, ndani yake ulaze waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25. Kwenye udongo uleule uliotoa ohm 72 kwa nondo nzima, mtaro huu utatoa kama ohm 15. Si lazima unyooke, unaweza kupinda kufuata nafasi kati ya mawe. Upitishe upande ambao maji ya bomba la mabati ya paa au ya bafuni yanamwagikia. Toa kokoto, ufukie kwa udongo mweusi wa mbugani, ule unaoshika maji, ambao Usukumani haukosekani. Gharama kubwa ni shaba, na wezi wa shaba wapo, kwa hiyo fukia siku hiyohiyo. Waya wa kutoka hapo hadi kwenye meni uwe na ganda na usipungue milimita za mraba 16. Kiungo kiwe cha klampu ya shaba, ndani ya kisanduku chenye mfuniko ili kifikike kwa kupima. Waya wa alumini usifukiwe, unaliwa na udongo. Waya uliozungushiwa nondo na kubanwa kwa koleo nao siuhesabu kuwa kiungo.

Anayejenga sasa hivi ana njia iliyo bora zaidi na karibu bure. Nondo za msingi, zikiwa zimefungwa kwa urefu wa mita 6 au zaidi na kufunikwa na zege angalau sentimita 5, ni ethi nzuri mno, kwa kuwa zege lililo ardhini hushika unyevu hata kiangazi. Shida ni kwamba fundi umeme huitwa nyumba ikiwa kwenye lenta, zege limeshamwagwa zamani. Mwite kabla. Atoe kipande cha nondo kilichoungwa na nondo za msingi, kinachopanda hadi juu, karibu na mahali meni itakapokaa. Chini ya msingi huo kusiwe na nailoni, maana itautenga na udongo.

Kuhusu chumvi na mkaa, dawa ya kienyeji inayopendwa. Chumvi kweli inashusha ohm, kwa msimu mmoja. Mvua za vuli zinaisafirisha kuteremka kilimani, na wakati huo imekwisha kula nondo. Fundi anayepima siku aliyomwaga chumvi anakupa namba ya siku hiyo.

Kuna jambo baya kuliko chumvi. Fundi akishindwa kupata ethi, anafungua soketi na kuunga pini ya ethi na nyutro kwa kipande kifupi cha waya. Kile kipima soketi chenye taa tatu kitaonyesha kila kitu sawa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha ethi na nyutro. Halafu siku nyutro ikilegea kwenye kiungo chochote kabla ya hapo, umeme uliopita kwenye kifaa unakosa pa kurudi, unaingia kwenye ule waya mfupi, na bodi za vyuma vyote vilivyochomekwa zinabeba volti 230 bila kifaa chochote kuwa kimeharibika. Fungua soketi moja ya jikoni, meni ikiwa imezimwa, uangalie. Ukikuta kipande hicho, soketi zote zifunguliwe.

Vivyo hivyo kufunga ethi kwenye bomba la maji. Zamani mabomba yalikuwa ya chuma toka barabarani. Leo kipande cha plastiki kikiwekwa popote katikati, ethi yako inaishia hapo, na bomba la jirani mwenye ukuta mmoja na wewe ndilo linalobeba hitilafu yako.

Shawa za maji moto za papo kwa papo zinahitaji neno lake. Ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24. Inataka waya wake peke yake wa milimita za mraba 4, au 6 ikiwa mbali, na breka ya ampea 32. Waya wa 2.5 wa soketi utachemka ndani ya bomba la plastiki ukutani. Aina nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo daima kuna umeme kidogo unaovuja kupitia maji, na RCD wakati mwingine inakata. Fundi anaitwa, anaiondoa RCD, anasifiwa. Kilichotakiwa kuondolewa ni shawa. Nunua yenye koili iliyofunikwa.

Bati la paa na kamba ya chuma ya kuanikia nguo nitavipitia upesi: waya wa kuingilia usilale juu ya ukingo wa bati, na kamba ya nguo iwe ya nailoni, basi.

Na radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na wafanyabiashara wanatuuzia vifaa vya kuikinga nyumba dhidi ya mruko wa umeme. Vifaa vya kweli, vile vinavyofungwa kwenye meni, vinafanya kazi kwa kuutupa mruko huo ardhini. Kwenye kipande cha nondo cha sentimita 40 hakuna pa kuutupa.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi, na mchoro wa wayaringi hupigwa mhuri kabla TANESCO, shirika la umeme, haijaunganisha umeme. Pamoja na mhuri huo iandikwe ohm ya ethi iliyopimwa kwa mita ya ethi, siyo multimita ya mfukoni, ambayo haiwezi kazi hiyo. Meni izimwe kwanza, waya wa ethi ufunguliwe kwenye klampu, kisha vigingi viwili vya mita vipangwe kwa mstari mmoja, cha mbali umbali wa angalau mara kumi ya kina cha nondo, cha kati kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Pasipo na udongo wa kuchomeka kigingi, bamba la chuma juu ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, likilazwa juu ya mwamba, linatosha kwa kipimo. Baada ya kupima, waya urudishwe kwenye klampu kabla meni haijawashwa, kwa maana hili nalo husahaulika.

Mwenye nyumba, dai namba hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe. Tarehe ikiwa ya Aprili, ardhi ikiwa imelowa masika, mwambie fundi arudi apime tena Septemba kabla ya vuli.

Fundi umeme mwenye leseni,
Nyegezi, Mwanza