Barua kwa mwanangu: Bendi ambazo hakuna atakayekutangazia

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako niliupata. Unasema wewe na wenzako hapo Mbeya mmeunda kundi la WhatsApp la wapenda muziki, kila Ijumaa mmoja wenu anawaletea wengine mwanamuziki wasiyemjua, na sasa zamu yako imekaribia. Ukaniomba nikutajie bendi tano. Orodha sikutumii. Majina matano watayasoma, watajibu "asante sana", na hakuna atakayefungua hata wimbo mmoja. Wapelekee bendi moja kwa Ijumaa moja, na uwaambie sikio waliweke wapi. Anayesema "huyu mkali, msikilizeni" hajasema kitu. Sema hivi: "Sikilizeni besi inafanya nini pale mwimbaji anaponyamaza." Mtu akiambiwa hivyo, hata kama ana haraka, atafungua ajue wewe umesikia nini.

Anza na nyumbani: Tancut Almasi Orchestra. Watu wakizungumzia dansi la Tanzania wanakwenda moja kwa moja Dar es Salaam. Watakutajia Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park, wana Sikinde, ya mwaka 1978. Morogoro nako wanapakumbuka kwa ajili ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Iringa wanaipita kama basi la Songea linavyopita Ipogolo bila kupanda mjini. Na huku juu miaka ya 1980 kulikuwa na bendi ambayo redio ikiipiga, watu wanaacha walichokuwa wanafanya.

Bendi hiyo ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi, shirika la umma, hapa hapa Iringa. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile: jeshi lina bendi, polisi wana bendi, jumuiya ya wafanyakazi ina bendi. Shirika linanunua vyombo, linaajiri wanamuziki, wanalipwa mshahara kama makarani. Kijana aliyejua gitaa hakulazimika kumiliki gitaa. Ubaya wake ni kwamba shirika likiyumba, bendi inakufa nalo, kwa sababu magitaa na spika si mali ya wapigaji. Ukimsikia mtu anashangaa bendi zile kubwa zilipotelea wapi, mjibu hivyo kwanza, kabla hajaanza kuwalaumu vijana wa siku hizi.

Waimbaji wao wakuu walikuwa mapacha waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. John Kitime naye alipita humo, yule ambaye baadaye alikuwa Kilimanjaro Band, Wana Njenje, na ambaye ameandika mengi kuhusu historia ya muziki wetu. Tafuta wimbo wao uitwao Butinini. Usianze kuwapa wenzako historia, itawachosha. Waambie wasikilize sauti za mapacha zikienda pamoja, kisha wasizime wimbo katikati, maana dansi la zamani lina sehemu mbili: ya kwanza ya kuimba taratibu, ya pili ni chemko, magitaa yanapojibizana na waimbaji wanarusha vijembe. Kijana aliyezoea nyimbo za dakika tatu hukata kabla chemko halijaanza, halafu anasema muziki wa wazee unasinzisha.

Ijumaa inayofuata uwageukie wao wenyewe. Uliza ni wangapi katika kundi lenu wanaijua Wamwiduka Band. Ni bendi ya huko huko Mbeya, watu walioanzia mitaani na vyombo vya kutengeneza kwa mkono, wakafika hadi jukwaa la Sauti za Busara kule Unguja. Nina hakika Rayvanny wote wanamjua na wanajivunia kwamba ametoka Mbeya, na ni haki yao. Lakini Rayvanny hamhitaji mtu wa kumtambulisha.

Kwa Wamwiduka, sikio liwekwe kwenye babatoni. Ni besi ndefu ya waya mmoja, ya kujitengenezea, na ukiisikia kwa mara ya kwanza hutaamini kwamba waya mmoja unaweza kuwabeba watu wote wale. Ukishawanasa hapo, wavushe mpaka wa Kasumulu uwapeleke Malawi, kwa Madalitso Band. Hao ni wawili tu: mmoja ana gitaa na ngoma anayoipiga kwa mguu, mwingine babatoni. Basi. Hakuna kinanda, hakuna drams. Wakicheza unadhani wako sita. Kasumulu ni karibu na Mbeya kuliko Iringa ilivyo, lakini mpaka ukichorwa kwenye karatasi watu hudhani na muziki unasimama hapo kuonyesha pasipoti. Na ngoma ya mganda je? Ngoma ile ya vijana wanaojipanga mistari kama askari, iliyotokana na kwata za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, utaikuta Ludewa na Nyasa upande wetu, na ng'ambo ya ziwa vilevile.

Kuna kitu kimoja cha kale ningependa ukifikishe kwao, ingawa najua kitawapata wachache: ligombo. Ni ala ya nyuzi yetu sisi Wahehe, ubao uliochongwa ukawa na shimo refu, waya mmoja unapitishwa mara nyingi kutoka ncha hii hadi ile, na kibuyu cha kukuzia sauti. Anayepiga ndiye anayeimba, na kuimba kwenyewe ni kama kusimulia. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake akirekodi wanamuziki, na wapiga ligombo wamo. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Inaniuma kidogo kwamba mjukuu wa Iringa anamsikia babu yake kwa kupitia Afrika Kusini, lakini bora huko kuliko kutomsikia kabisa. Sikiliza peke yako kwanza, usiku, kabla hujawatumia.

Sasa bendi zinazopiga leo, na hizi ndizo nataka mzihangaikie zaidi. Tancut usipoisikiliza mwaka huu utaikuta mwakani. Bendi inayopiga Jumamosi hii hapo Mbeya, Mwanjelwa au Soweto, inaweza isiwepo Krismasi: mpiga kinanda kaitwa Dar, au mwenye vyombo kagombana na mwenye baa, vijana wanagawanyika na kila upande unajipa jina jipya. Ndiyo maana sikuandikii majina. Ukiyapata kwangu yatakuwa yamechacha.

Njia ya kuzijua ni kwenda. Fika mapema, saa tatu, wakati viti bado vitupu. Hapo bendi inapasha vidole, na mara nyingi ndipo wanapopiga tungo zao wenyewe, kwa kuwa hakuna mteja wa kupiga kelele akitaka anachokijua. Ukumbi ukijaa ni kopi, nyimbo za watu wengine, mpaka usiku wa manane. Sizidharau kopi, mpiga solo huonekana uwezo wake pale anapopiga kitu ambacho kila mtu anakijua. Lakini wakati wa mapumziko mfuate kiongozi wa bendi, msalimie vizuri, umuulize, "Kaka, nyimbo zenu wenyewe ni zipi?" Hilo swali hawaulizwi. Wakirudi jukwaani watakupigia, na watapiga kama watu waliokumbukwa.

Kiingilio lipa, usiingie kwa kujuana. Ukitunza, mtunze na mpiga besi. Mwimbaji amezoea kubandikwa noti usoni, mpiga besi husimama nyuma pale, akarudi nyumbani na posho yake kavu. Omba ruhusa, kisha urekodi wimbo mzima kwa simu, si vipande vya kujionyesha. Andika jina la wimbo, mahali, tarehe, na nani alipiga nini. Nyimbo nyingi nilizozipenda ujana wangu hadi leo simjui aliyepiga besi wala tumba, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuandika. Ukilipeleka hilo kwenye kundi lenu Ijumaa, utakuwa umewapa kitu ambacho hawawezi kukipata popote. (Nenda na wenzako, na bodaboda awe mnayemfahamu. Mama yako akisoma aya hii nitalala sebuleni.)

Na msidhani bendi ni ya baa tu. Ukanda huo wa Rungwe Wamoravian na Walutheri walifika tangu 1891, na tarumbeta za kanisa zimekaa huko muda mrefu. Wale vijana mnaowaona nyuma ya pikapu siku ya harusi, wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, ni bendi kamili na wanastahili Ijumaa yao. Mimi nikichagua kati ya ukumbi wenye mitambo mikubwa na pikapu ile, napanda pikapu. Sauti yao haifichwi na fundi mitambo. Anayekosea anasikika hadi sokoni.

Mwezi wa saba, tukishavuna, tutakuja Uyole kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako, na nasikia wamekodi matarumbeta. Ulizia ni kundi gani. Kama wana shughuli nyingine kabla ya hapo, nenda ukawasikilize, halafu unipigie uniambie yule wa tarumbeta kubwa la besi anajua au anapuliza tu.

Baba yako,
Iringa