Wakuu wa shule, hasira zenu msizitume kwenye grupu

Wanangu wakuu wa shule, shikamoo zenu siku hizi nazipokea kwa emoji, marahaba hivyo hivyo. Mimi mzee wenu nimestaafu, sina ofisi ya kumwita mtu, ndo maana naandika hapa.

Tangu vile vishikwambi vya sensa ya 2022 vigawiwe kwa walimu, mkuu anaweza kuona kwenye mfumo wa mahudhurio nani hayupo bila kupekua rejesta, safi sana. Ila mfumo unakwambia mtoto hayupo, haukwambii yuko wapi. Kuna binti wa kidato cha pili alikuwa anakosekana kila Alhamisi, akaonekana mtoro sugu, barua ya onyo ikachapwa imebaki sahihi tu, matroni akasema mkuu hebu subiri kwanza. Kumbe Alhamisi ni gulio, mama anauza dagaa, binti anabaki na mdogo wake anayeumwa. Wakaongea na mama, mdogo akawa anapelekwa kwa bibi, basi, yakaisha. Na Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 umeruhusu walioacha shule warudi, hata waliojifungua, lakini waraka hausimami getini kumpokea mtu, unasimama wewe, na uso wako atausoma kabla hujafungua mdomo.

Sasa hilo grupu la WhatsApp la walimu. Mwalimu kachelewa, umefura, unaandika mbele ya staff nzima "kuna watu wanakula mshahara wa bure", humtaji jina lakini wote wanajua ni nani, dakika mbili skrinshoti iko kwa afisa elimu kata. Ukifuta ndo umeharibu kabisa, watu wanaanza kuulizana kilifutwa nini. Zima data, zunguka madarasani, saa nne wakati wa chai mwite ofisini umuulize kuna nini nyumbani. Na habari za ugonjwa au ujauzito wa mtoto msizirushe huko jamani, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio utani.

Wengine naona barua za wazazi mnaandikiwa na akili mnemba, Kiswahili kimenyooka mpaka kinatisha, mzazi aliyeishia darasa la saba anadhani anaitwa mahakamani! Mpigie simu mama wa watu. Hiyo akili mnemba ipeni ratiba ya vipindi, ile kazi mimi niliichukia mpaka nastaafu.